Vitola: Kitola Kimoja, Vitola Viwili

Montecristo No. 4 na Partagás Serie D No. 4 zote ni biri za Kuba, zote zimebeba namba nne, na muuzaji asiye makini atakuwekea masanduku yake bega kwa bega rafuni. Mtu akachukua moja akaivuta jioni ya Krismasi, ya pili akaivuta kesho yake, halafu akawatangazia wenzake kwamba Partagás ni nzito kuliko Montecristo. Huenda ni kweli. Lakini biri ya jioni ya kwanza ilikuwa na urefu wa milimita 129 na kipenyo kisichofika milimita 17, na ya pili ilikuwa fupi kidogo, milimita 124, ila nene karibu milimita 20. Amelinganisha chapa mbili na vipimo viwili kwa mkupuo mmoja, na sasa hawezi kujua uzito anaousema umetoka wapi.

Wavutaji wa biri wana neno la kumtoa mtu kwenye mkanganyiko huo: vitola. (Nasema biri kwa sababu ndivyo inavyotajwa katika kamusi zetu sigara kubwa ya majani matupu, isiyo na karatasi, ingawa jina lenyewe limetoka India, ambako bidi ni kitu kingine kabisa, kijisigara kilichoviringishwa kwa jani la mti wa tendu na kufungwa uzi.) Vitola ni neno la Kihispania, nalo hukusanya mambo matatu kwa pamoja: urefu wa biri, unene wake na umbo lake. Ukitaja mawili ukaacha la tatu, bado hujataja vitola.

Urefu hauna shida, ni milimita tu. Unene ndio wenye vituko. Inchi moja hugawanywa sehemu 64, na biri husemwa ni ya 42, ya 47 au ya 50 kwa kuhesabu sehemu hizo katika kipenyo. Biri ya 64 ingekuwa na inchi kamili. Wakuba huandika urefu kwa milimita na unene kwa sehemu za inchi katika mstari uleule, 124 kwa 50, wala hawaoni ajabu, kama fundi wetu anayeagiza mbao za mbili kwa nne huku chumba chenyewe amekipima kwa mita. Umbo nalo huamua kama ubavu umenyooka toka mwanzo hadi mwisho, kama katika robusto (ndicho kipimo cha ile Partagás, 124 kwa 50), au umechongoka kichwani kama Montecristo No. 2, ambayo kiwandani huitwa pirámide, 156 kwa 52.

Nimesema kiwandani kwa makusudi. Kila biri ya Kuba ina majina mawili ya vitola. Moja ni la ukumbi wa wasokotaji, unaoitwa galera, na jingine ni la dukani. Montecristo No. 4 ni jina la dukani. Msokotaji yeye anaijua kama mareva. Cohiba Siglo II inauzwa kwa jina jingine na bei nyingine, lakini mezani kwa msokotaji nayo ni mareva, 129 kwa 42, ileile. Romeo y Julieta Churchill kiwandani ni Julieta No. 2, 178 kwa 47. Winston Churchill alipita Havana mwaka 1946, na jina lake likaganda kwenye kipimo hicho kiasi kwamba leo watengenezaji wa Nikaragua na Jamhuri ya Dominika, ambao hawana uhusiano wowote na Romeo y Julieta, nao wanauza churchill. Huyo ni mtu aliyegeuka kipimo, na wachache wamefika hapo.

Mezani kwa msokotaji ndipo vitola inapoonekana kwa macho. Ana ubao, kisu kipana cha chuma kisicho na mpini kinachoitwa chaveta, gundi ya mimea kidogo, na marundo ya majani. Anakusanya majani ya ndani kiganjani, lile zito linaloungua polepole, ligero, analiweka katikati, kisha anayafunga yote kwa jani la pili. Kifurushi hicho kinalazwa kwenye kalibu ya mbao yenye vijishimo vya kipimo kimoja, kinabanwa, kinageuzwa ili kisibaki na alama ya kalibu, ndipo kinavalishwa jani la nje, lile laini na la gharama kuliko yote. Kipande cha mbao chenye matundu, cepo, kiko jirani kuhakiki unene. Wakati huohuo msomaji ameketi jukwaani anawasomea wasokotaji magazeti na riwaya, desturi iliyoanza Havana mwaka 1865. Montecristo yenyewe, chapa ya mwaka 1935, ilipata jina kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa katika kumbi hizo.

Kwa nini mvutaji ajali haya yote? Chukua Cohiba Lancero, 192 kwa 38, uilaze kando ya robusto ya 50. Jani la nje linafuata mzingo wa biri, na majani ya ndani yanajaza eneo. Mzingo hukua sawa na kipenyo, eneo hukua kwa mraba wa kipenyo. Ukipiga hesabu, sehemu ya jani la nje ikilinganishwa na majani ya ndani ni kubwa kwa karibu theluthi moja katika lancero kuliko katika robusto. Yaani hata kama majani yametoka shamba moja la Vuelta Abajo, huko Kuba, na yamechachushwa pamoja, ulimi utapokea mchanganyiko tofauti. Biri nene ina nafasi ya kuweka ligero ya kutosha katikati. Nyembamba haina, na ukiivuta kwa pupa inapata moto na kuwa chungu. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaoichukulia vitola kama suala la pozi tu, biri nene kwa wanene na nyembamba kwa wenye mashati ya kitani.

Kwa hiyo anayetaka kutumia likizo kulinganisha chapa, ashike vitola moja aache chapa ndizo zibadilike. Robusto inafaa sana kwa kazi hiyo, kwa kuwa Partagás Serie D No. 4, Ramón Allones Specially Selected, Hoyo de Monterrey Epicure No. 2 na Cohiba Robustos zote ni 124 kwa 50. Mimi ningeanza na Hoyo, ambayo kwa kawaida ni nyepesi, nikaziacha Partagás na Ramón Allones za mwisho. Cohiba ningeiweka katikati, na kichwani nijue kwamba sehemu ya majani yake ya ndani huchachushwa mara ya tatu kwenye mapipa, mara moja zaidi ya desturi, ili bei yake isinidanganye nikatafuta kisichokuwemo. Anayetaka kujua vitola yenyewe inafanya nini afanye kinyume chake: chapa moja, vipimo tofauti. Kufanya yote mawili katika wiki moja ya sikukuu, katikati ya pilau na wageni, ni kujichosha bure.

Na biri moja kwa siku inatosha. Ulimi huchoka, na theluthi ya mwisho ya biri hukusanya ukali uliopita katika zile mbili za kwanza, hivyo anayewasha ya pili papo hapo anaivuta juu ya mabaki ya ya kwanza. Sababu nyingine haihusu ladha. Biri kubwa moja inaweza kubeba tumbaku ya pakiti nzima ya sigara, na kansa ya kinywa na koo haijali kwamba moshi hukuuvuta hadi mapafuni.

Sasa Kiswahili. Neno la kwanza linalokuja mdomoni la kutafsiri vitola ni umbo, nalo ni zuri hadi pale unapogundua kwamba robusto na churchill zina umbo moja. Kinachozitenga ni urefu na unene. Saizi ya dukani kwa muuza viatu inabeba ukubwa lakini inaiacha pirámide nje na kichwa chake kilichochongoka. Kigezo kingetufaa kuliko yote. Maana yake ya zamani ni kile kitu fundi anachokiweka juu ya kazi ili apate kipimo kilekile, na Kihispania nacho hulitumia neno vitola kwa bamba la kupimia unene wa risasi, kwa hiyo maneno hayo mawili ni kama watu wa ukoo mmoja. Bahati mbaya kigezo kimeshatekwa na matangazo ya redio. Ukisema biri hii ina kigezo kizuri, msikilizaji anasubiri umalizie kwamba vigezo na masharti kuzingatiwa.

Ningelichukua neno vitola kama lilivyo, na nadhani lingejipanga lenyewe. Linaanza na vi-, na sikio la Mswahili likisikia vi- linasikia wingi. Waingereza walituletea bamba la kuzuia tope la gurudumu, tukasikia madigadi, tukaikata ma- na kupata digadi moja. Mzunguko wa barabarani ukawa kipilefti, na miwili ikawa vipilefti. Vitola itapita njia hiyohiyo: kitola kimoja, vitola viwili, kitola chembamba, vitola vinene. Wapo wahariri watakaotaka vitola hii na vitola hizi ili neno libaki na heshima yake ya ugeni. Mimi naona heshima ya neno ni kutumika, na kitola kinatamkika kirahisi hata kwa asiyewahi kuona biri.

Linabaki jambo moja la kuangalia. Huko Hispania watu wengi huita vitola hata ule ukanda wa karatasi wenye jina la chapa unaozunguka biri, na kuukusanya ni hobi yenye jina lake, vitolfilia. Sisi tusiingie huko, kwa sababu pete tunayo. Chapa utaisoma kwenye pete, kitola utakipima kwa rula. Na pete isivuliwe mapema: subiri moto ukaribie, gundi ilegee kwa joto, vinginevyo utaondoka na kipande cha jani la nje.