Ijara ya Nyimbo na Kisa cha WKRP

Mwaka 1978, shirika la televisheni la CBS huko Marekani lilipoanza kuonyesha mchezo wa kuchekesha ulioitwa WKRP in Cincinnati, wenye habari za kituo cha redio kilichokuwa kikididimia hata kikageukia muziki wa roki, mbunifu wake Hugh Wilson, ambaye hakuridhia watangazaji wake wa kubuni wapige na santuri za kubuni, aliuchukua mchezo huo kwa kanda za video badala ya filamu, kwa kuwa kanuni za zama zile zilitoza ijara nafuu zaidi kwa nyimbo zilizotumika katika kanda. Kwa hila hiyo ya halali akapata nyimbo za mabingwa, ambazo wenziwe wa filamu wasingezimudu.

Lakini unafuu huo ulikuwa na muhula wake. Ruhusa zilikuwa za miaka michache, tena za matangazo ya televisheni tu. Maana VHS, kanda ya video ya kutazamia nyumbani, ilikuwa ndiyo kwanza imeingia sokoni Japani mwaka 1976, na ni wachache waliodhani kwamba iko siku mtu angenunua misimu mizima ya mchezo akaipanga rafuni mwake kama juzuu za vitabu. Siku hiyo ilipowadia, kila wimbo ulikuwa na mabwana wawili wa kupigiwa hodi: mwenye milki ya utungo, ambaye aghalabu ni kampuni ya uchapishaji, na mwenye milki ya sauti iliyorekodiwa, kila mmoja akiwa huru kutaja bei aitakayo, au kukataa katakata, na ridhaa ya mmoja bila ya mwenziwe haikufaa kitu.

Basi kampuni ya Fox ilipotoa msimu wa kwanza kwa DVD mwaka 2007, nyimbo nyingi zilikwisha kuondolewa, na pahala pake pametiwa muziki usio na sifa wala jina. Katika sehemu moja mashuhuri ya mchezo huo, ile ya bata mzinga, bwana mkubwa wa kituo, Carlson, asiyejua lolote la muziki wa vijana, humuuliza mtangazaji Johnny Fever kama ni mbwa hao wanaobweka ndani ya wimbo wa bendi ya Pink Floyd. Na mzaha huo, maadamu haukuwa na maana pasipo wimbo wenyewe, ukakatwa wote. Marudio ya televisheni yalikwisha kupatwa na ajabu kubwa zaidi: palipokuwa na maneno yaliyochanganyika na muziki yasiweze kutenganika, waliletwa watu wa kuigiza sauti za wachezaji wa asili, wayaseme upya. Siwalaumu wenye nyimbo, kwani mtungaji naye ana haki ya jasho lake. Ila kuuza sauti ya mtu asiyekuwapo kwa jina la aliyekuwapo naona kumekiuka mpaka.

Mwaka 2014 kampuni ya Shout! Factory ikatoa misimu yote minne, sehemu kubwa ya nyimbo ikiwa imekombolewa, ingawa si zote. Na mwaka huohuo mchezo mwingine uliokwamishwa na ijara ya nyimbo, The Wonder Years, uliokoma kuonyeshwa mwaka 1993, ukatoka kwa DVD kwa mara ya kwanza ukiwa mzima, na sauti ya mwimbaji Joe Cocker ikiufungua kama zamani.