Mti wa Chalma

Huko Chalma, katika milima ya Meksiko ya kati, wenyeji walikuwa wakimwabudu mungu wao pangoni tangu kabla Wahispania hawajafika. Na mapadri wa shirika la Mtakatifu Agostino hurithishana hadithi kwamba, katika miaka ya 1530, sanamu ya mungu huyo ilikutwa imevunjika, na mahali pake pamesimama Kristo msalabani, ambaye mwaka 1683 alihamishiwa kanisani. Lakini kabla ya kulifikia kanisa, hujaji hupitia kwanza penye ahuehuete, mti mkongwe wa jamii ya misipresi, ambao mizizini mwake hububujika chemchemi: hapo huoga, akavikwa taji la maua mabichi, akacheza ngoma, hasa ikiwa ndiyo ziara yake ya kwanza. Kina mama nao hutundika mtini vitovu vya watoto wao wachanga, vimetiwa katika vijifuko, wakitaraji baraka. Siwezi kamwe kuiita ibada hiyo ushirikina, maana mikono itundikayo kitovu ndiyo hiyohiyo ishikayo tasbihi mbele ya altare, kwa nia moja. Na Wameksiko, jambo likiwashinda kabisa, husema halitatengenea hata ukaenda kucheza Chalma.