Bukari Nje ya Nyumba: Mahali pa Kula na Kunywa katika Ukanda wa Shaba wa Lualaba

Makala haya yanakusudia kuzungumzia jambo ambalo wanahistoria wa Katanga wamelipita mara nyingi bila kugeuza shingo, yaani mahali watu walipokula na kunywa nje ya nyumba zao. Tumezoea kusoma habari za reli, migodi, migomo na vita. Hata hivyo, mfanyakazi wa mgodi wa Kolwezi, au wa kiwanda cha saruji cha Lubudi, alikula kila siku; na swali la nani aliyempa chakula hicho, wapi, na kwa masharti gani, si swali la jikoni tu. Ni swali la utawala.

Wasafiri wa Kizungu walikuwa na kitabu chao. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kibelgiji ilichapisha mwongozo mnene wa wasafiri wa Kongo na Ruanda-Urundi, ulioonyesha hoteli na njia za kuzifikia. Mwafrika hakuandikiwa mwongozo wa namna hiyo. Badala ya kitabu tunayo maneno, na maneno ya Kiswahili cha Katanga ni nyaraka nzuri kwa yeyote anayekubali kuyasoma: bukari, posho, kantini, munkoyo, lutuku, nganda, michopo. Kila moja lina kipindi chake.

Tuanze na posho. Msomaji wa Dar es Salaam au Kampala analijua neno hili, lakini katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, lilikuwa na uzito wa pekee. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni iliacha hatua kwa hatua kutegemea vibarua wa muda mfupi, ikaanza kuwakalisha wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao. Unga wa mahindi, samaki, nyama, mafuta na chumvi viligawiwa kwa kipimo, na mke na watoto walikuwa na sehemu yao katika hesabu. Posho ilikuwa sehemu ya ujira. Bwana aliyelipa kazi ndiye aliyejaza chungu, na alijua ndani ya chungu mna nini. Katika hali hiyo mgahawa wa kambini ungekuwa na kazi gani? Kula kwingine nje ya posho kulikuwa, kwa kiasi fulani, kutoka nje ya macho ya kampuni.

Chakula hicho hakikupokewa kwa moyo mweupe daima. Katika miji ya shaba ulienea uvumi wa batumbula, watu waliosemekana kuwakamata Waafrika usiku kwa ajili ya Wazungu, ili wanoneshwe na kuliwa. Rik Ceyssens aliuchambua uvumi huu mwaka 1975, na baadaye Luise White akaurudia katika utafiti wake kuhusu ukanda wa shaba wa pande zote mbili za mpaka. Wapo wanaouona kuwa ushirikina tu. Sisi hatukubaliani nao. Watu waliolishwa kwa mizani na mwajiri wao, wakapimwa afya zao ili wafanye kazi vizuri zaidi, walikuwa na sababu ya kujiuliza wanalishwa kwa ajili gani.

Lubudi inatuonyesha upande mwingine. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 iliendelea kaskazini hadi Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918, na Lubudi ipo katika njia hiyo. Katika miaka ya 1920 kilianzishwa hapo kiwanda cha saruji, kwa kuwa chokaa ipo ardhini na reli ipo mlangoni. Lakini reli haikubeba saruji peke yake. Ilibeba pia samaki waliokaushwa na kutiwa chumvi kutoka maziwa na mabwawa ya Upemba, wakielekea kwenye migodi ya kusini. Palipo na treni pana kusubiri, na palipo na kusubiri pana muuzaji: mama mwenye sinia, mihogo ya kuchemsha, karanga, ndizi, samaki aliyekaangwa. Mahali pa namna hiyo hapana paa wala jina juu ya mlango, na kwa sababu hiyo hapaingii katika rejista ya biashara. Hata hivyo ni mgahawa, tena una wateja wanaorudi na wanaojua samaki wa nani ana mchanga.

Kuhusu vinywaji mambo yalikuwa na ukali zaidi. Munkoyo, kinywaji cha mahindi kinachojulikana pia upande wa Zambia, hutengenezwa kwa uji uliopikwa na kupozwa, kisha hutiwa mizizi iliyopondwa ya mimea ya porini. Mizizi hiyo ina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Ndiyo maana uji mzito hulainika ukawa kinywaji hata bila kimea. Ukinywewa upesi ni mtamu na mtoto anaweza kuunywa. Ukiachwa siku kadhaa huchachuka na kulevya. Lutuku ni jambo jingine: hiyo ni pombe kali ya kukenekwa, iliyopikwa kwa siri, kwa kuwa sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika vileo vikali wakati klabu za Wazungu zilivimimina kila jioni. Bia ilikaa katikati. Elisabethville ilikuwa na kiwanda chake tangu miaka ya 1920, na chupa za Simba zikawa alama ya mshahara. Kunywa bia hadharani ilikuwa kusema kwamba umelipwa.

Ni nani basi aliyejua vyakula vya pande zote mbili? Mpishi na boi. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani mjini Elisabethville kilitoa historia ya mji huo, iliyoandikwa kwa Kiswahili na André Yav, naye mwenyewe akiwa amefanya kazi hiyo. Johannes Fabian aliichapisha upya pamoja na tafsiri mwaka 1990. Wengi wameisoma kwa ajili ya lugha yake, na lugha hiyo kweli inastahili. Lakini yafaa kukumbuka pia kwamba mwandishi aliutazama ukoloni kutoka mlango wa nyuma, mahali sahani zinapooshwa. Watumishi hao walijua nani anakula nini, nani anaficha nini, na nani halipi.

Hoteli, mikate na maduka ya mijini yalikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa wafanyabiashara wa kigeni, miongoni mwao Wagiriki, Wareno, Waitaliano na Wayahudi kutoka kisiwa cha Rhodes. Mkate wenyewe ulitegemea ngano ya mbali, na chai na mkate asubuhi vilimtofautisha mtu wa mjini na ndugu yake wa kijijini. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara za wageni zitapewa raia. Waliopewa, wengi wao hawakuwa waokaji wala wapishi. Walikuwa watu wenye marafiki. Rafu zikawa tupu, na baada ya miaka michache serikali ikaanza kuwarudishia wenyewe. Kisha, Mei 1978, Kolwezi ikavamiwa, askari wa Kifaransa wakashuka kwa miamvuli, na Wazungu wengi wakaondoka.

Pigo kubwa zaidi lilikuja polepole. Gécamines, iliyoirithi Union Minière baada ya mali zake kutaifishwa mwaka 1967, bado iliendesha kantini zake na kugawa unga. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1991 wanajeshi na raia walipora maduka. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, miongoni mwao mafundi na wafanyabiashara. Mishahara ikachelewa, halafu ikakoma. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walilipwa mkupuo mmoja na kuondoka. Donatien Dibwe dia Mwembu ameandika kuhusu wana wa kampuni walioachwa na baba yao, na hatuoni sitiari iliyo sahihi zaidi, kwa maana baba huyu alikuwa akileta unga.

Hapo ndipo mwanamke alipotoa chungu chake nje. Nganda, yaani baa ndogo ya uani ambamo mwenye nyumba hupika na kuuza bia, na mabanda ya michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma inayokatwa na kuliwa kwa chumvi na pilipili, havikuzaliwa miaka hiyo. Lakini miaka hiyo viligeuka kuwa riziki ya familia nzima. Mume aliyekuwa akileta posho sasa alikula kutokana na faida ya sufuria ya mkewe. Mabadiliko haya ya mamlaka ndani ya nyumba yana uzito kuliko majina mengi ya mawaziri wa kipindi hicho.

Tusisahau, kwa njia, kwamba uchambuzi mmoja maarufu wa siasa za Zaire ulianzia mezani. Mwaka 1986 Fabian alikuwa Lubumbashi akila na marafiki. Firigisi ya kuku ikamfikia, naye akaambiwa msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Kundi la maigizo la Mufwankolo likauchukua msemo huo na kuutungia mchezo kwa Kiswahili.

Tangu Lualaba ifanywe mkoa mwaka 2015, Kolwezi imepata mikahawa ya Kichina na kasino. Wachimbaji wadogo hulipwa fedha taslimu, na Jeroen Cuvelier, aliyefanya utafiti Lwambo, ameeleza jinsi vijana wanavyoitumia haraka kwa bia na marafiki, katika maisha wanayoyaita kivoyou. Wazee huyalaumu. Lakini mtu anayeshuka shimoni asubuhi bila hakika ya kupanda jioni haweki akiba kama karani. Katika mtaa wa Kasulo, miaka ya 2010, watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao, wakachimba vyumbani na uani. Jiko likahamishiwa barabarani, kwa kuwa mahali pake palikuwa pamekuwa shimo, na bukari ikauzwa hapo kwa waliotoka chini.