Asilimia 5 iliyosimamisha malori

Mwanzoni mwa Oktoba 2013 malori yalijaa kandokando ya barabara Kibaha, na hakuna lililokuwa limeharibika. Wenye malori walikuwa wamegoma. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alikuwa ameufuta msamaha wa tozo kwa mzigo uliozidi ndani ya asilimia 5: ukizidisha, unalipa. Siku chache baadaye Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaurudisha, na injini zikawashwa.

Hiyo asilimia 5 ilitoka wapi? Iliwekwa kwa kuwa mizani nayo hukosea, na mzigo husogea njiani. Ilikuwa ya kuvumiliwa mizanini, lakini wasafirishaji wakaizoea kuwa nafasi ya kupakia. Kwa anayelipwa kwa tani, nani angeiacha?

Barabara yenyewe, ile ya kwenda Zambia, ilizaliwa na mzigo. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilinyimwa njia ya kusini, na mafuta yakaanza kupita Tanzania kwa malori, mapipa juu ya mapipa, kwenye njia ya vumbi na tope iliyopewa jina la Njia ya Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilikuja 1968, lami ikafuata, kisha reli ya TAZARA. Lakini malori hayakuondoka.

Sasa turudi kwenye ile asilimia 5, maana ni kubwa kuliko inavyosikika. Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa, Illinois, Wamarekani walijenga barabara za majaribio, wakawapa wanajeshi malori wazunguke nayo siku nenda siku rudi. Walichokiona ni kwamba uharibifu haupandi sawa na uzito: hupanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, lami huumia mara 16. Ekseli ya tani 10 ikiongezewa nusu tani tu, ambayo ndiyo asilimia 5 yetu, madhara yanaongezeka kwa zaidi ya moja ya tano. Mwenye lori anapata faida ya nusu tani. Gharama inayobaki kwenye lami ni ya walipa kodi. Kwa hesabu hiyo, naona waziri alikuwa na hoja, hata kama njia yake ilikuwa ya kibabe.

Ndiyo maana mizani haitazami jumla peke yake. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari la ekseli 7, lakini kila ekseli ina kipimo chake.

Hapo ndipo madereva wanapolia. Lori la mahindi linapita mizani ya Wenda, Iringa, bila kasoro. Linateremka mlima Kitonga, breki kila kona, magunia yanasukumana kwenda mbele. Likifika mizani ya Mikese, jumla ni ileile, ila ekseli za mbele zimezidi. Dereva anaegesha pembeni, turubai linafunguliwa, na utingo anapanda juu kuanza kuyarudisha magunia nyuma, moja baada ya jingine.