Kinyaa, Najisi na Jumba la Nero

Vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 walikuwa na neno grody: kitu kichafu cha kukirihisha, tuseme soksi iliyosahauliwa kiatuni wiki mbili. Mwaka 1982 wimbo wa Valley Girl, wa Frank Zappa na bintiye Moon aliyekuwa na miaka 14, ukalieneza mbali. Kulisikia, utadhani limezaliwa uchochoroni. Limezaliwa kwa mfalme.

Grody ni mkato wa grotesque. Kaisari Nero alijijengea jumba Roma baada ya moto wa mwaka 64, na watawala waliomfuata wakalifukia. Yapata mwaka 1480 watu wakalitoboa kwa juu. Wachoraji, na baadaye Raphael mwenyewe, wakashuka kutazama kuta zake: watu wanaoota majani, wanyama wanaoishia maua. Kwa kuwa palikuwa kama pango, grotta kwa Kiitaliano, mtindo ule ukaitwa grottesca. Walioshuka walistaajabu, hawakutapika. Neno ndilo lililooza njiani: likawa kioja, likawa sura mbaya, mwisho likaangukia soksi.

Kiswahili hakikupitia kwa wachoraji. Kinyaa ni ndugu wa kinyesi, wote wa ukoo wa kitenzi kunya, wala hakifichi nasaba yake. Kichefuchefu nacho ni cha moyo uliochefuka (na moyo huo, tukubaliane, ni tumbo). Tena sikiliza tunavyosema: naona kinyaa, kinanitia kinyaa. Kijana wa California akisema soksi ni grody, lawama yote ni ya soksi. Mswahili yumo ndani ya sentensi yake, uso umemkunjamana.

Tukitaka kukihukumu kitu chenyewe tuna najisi, neno la Kiarabu, nalo haliulizi tumbo. Katika fikihi ya Kishafii inayofuatwa pwani, kamasi hutia kinyaa lakini si najisi. Mvinyo humvutia mnywaji, na ni najisi. Chombo alichoramba mbwa huoshwa mara 7, moja kwa udongo, hata mbwa huyo awe msafi kuliko mwenye nyumba.

Basi mfasiri ukikutana na grody, usiandike najisi. Hiyo ni hukumu, na kijana yule hakuwa kadhi. Andika inatia kinyaa, kisha umwachie msomaji akunje pua mwenyewe.