Masikio Yanapovuma

Katika Kiswahili, masikio huvuma kama upepo na ngoma; na kutokana na kitenzi hichohicho tumepata uvumi, yaani habari isiyo na mwenyewe. Plinius, mwandishi wa Roma ya kale, alitaja imani kwamba sikio likivuma, mtu anasemwa na watu walio mbali.

Ndanda, ambako Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1906, malaria imeleta maelezo mengine: kwinini. Dawa hii, iliyotengwa na magome ya sinkona mjini Paris mwaka 1820, huvumisha masikio, na kwa kawaida mvumo hutulia dozi ikiisha. Mgonjwa asiyeambiwa hayo mapema huweza kudhani amepandwa na pepo, akaacha dawa katikati, malaria haimsubiri.