Konokono Wamejaa Bwawani: Wametoka Wapi na Ufanye Nini?

Umechimba bwawa, ukajaza maji, ukaweka vifaranga vya sato. Miezi michache baadaye unageuza jani la mmea wa majini, unakuta konokono wamejipanga. Hukuwaweka wewe. Wametoka wapi, na je, uwaogope?

Walivyoingia

Konokono wa majini hutaga mayai ndani ya ute, chini ya majani na kwenye mashina. Mayai hayo, au konokono wachanga, huja na mimea, nyavu, ndoo ya vifaranga au maji ya mfereji. Aina zinazobeba kichocho zina jinsia zote mbili katika mwili mmoja na huweza kuzaa bila mwenzi. Kwa hiyo konokono mmoja anatosha kuanzisha ukoo mzima.

Hatari iko wapi?

Kwa samaki, konokono wachache si tatizo. Hula mwani na majani yanayooza. Wakiongezeka ghafla, mara nyingi magugu yamezidi au chakula cha samaki kinabaki.

Hatari ni kwa binadamu. Konokono mwenye gamba bapa, lililojikunja kama kamba iliyoviringishwa, anaweza kubeba kichocho cha tumbo. Mwingine mdogo, mwenye gamba lenye ncha na mdomo unaofunguka upande wa kushoto, anaweza kubeba kichocho cha kibofu. Kwa macho huwezi kujua yupi ana vimelea.

Lakini konokono hazaliwi na kichocho. Anakipata kwetu. Mgonjwa akikojoa au kujisaidia majini au kando yake, mayai ya minyoo huanguliwa na vimelea humwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa, vimelea vingine hutoka kwake, hasa mchana, na kupenya ngozi ya anayeingia majini.

Bwawa likiwa na samaki

• Ng'oa magugu, fyeka kingo, punguza chakula kinachobaki.
• Opoa konokono kwa wavu ukiwa umevaa glavu na mabuti ya mpira. Wafukie mbali na maji. Usiwaponde kwa mikono.
• Bata hula konokono; waache wazunguke kando ya bwawa.
• Usimwage dawa ya kuua wadudu wa mazao. Samaki watakufa, na atakayewala anaweza kudhurika.

Baada ya kuvuna

Toa maji yote, kausha bwawa hadi udongo upasuke, kisha mwaga chokaa. Kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu baadhi ya konokono hujificha kwenye tope kwa wiki nyingi wakisubiri maji. Muulize afisa uvuvi kiasi cha chokaa kinachofaa bwawa lako.

Linda familia

Jenga choo na kitumike, wala kisiwe kando ya bwawa. Watoto wasiogelee humo. Maji ya kuoga yakitoka bwawani, yachuje na yahifadhi kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku 2 kabla ya kuyatumia. Vimelea hivyo hufa.

Ukiona damu kwenye mkojo au kinyesi, au tumbo likiuma mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe. Kichocho kinatibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli. Ila vidonge havikingi: ukirudi kwenye maji yale yale, unaambukizwa tena.